Gari linalegea mlima wa Soni: petroli inakwama wapi?

Swali la msomaji, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo fundi. Naendesha teksi hapa Tanga mjini, Toyota IST ya 2004, injini ya 1300. Mjini halina neno. Tabu ni nikipata abiria wa Lushoto. Nikishaiacha Mombo na kuanza kupanda kwenda Soni, gari linalegea, na nikizidi kukanyaga mafuta ndiyo kwanza linashtukashtuka kama linataka kuzima. Asubuhi nalo mpaka nipige stata ndefu ndipo liwake. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi. Wa pili alisema nozeli, nikanunua 4 za mtumba, hali ikabaki ileile. Wa tatu anasema 'kabureta ya umeme' imechoka. Taa ya injini imeshawaka mara mbili ikazima yenyewe. Nafikiria hata kuliuza nichukue Noah mpya kidogo. Naomba unieleze petroli inafikaje kwenye injini, ili nijue nani ananidanganya."

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa gharama.

Nianze na hilo la mwisho. Sidhani kama kuna anayekudanganya. Plagi, nozeli na hiyo kabureta ya umeme ni majibu ya watu wanaoijua injini, ila wameanza kutoa dawa kabla ya kupima homa. Kabureta yenyewe IST haina, ya umeme wala ya kamba. Kile anachokiona fundi wako pale juu, chenye kipepeo kinachofunguka ukikanyaga mafuta, ni lango la hewa tupu. Petroli haipiti pale hata tone.

Lakini hilo neno lake limenifikirisha. Mafundi wa rika langu tulikulia kwenye kabureta, na mpaka leo vichwa vyetu vinafikiri kikabureta: gari likikosa nguvu tunakimbilia juu ya injini, pale panapoonekana. Gari lako limegeuzwa. Kwenye kabureta injini ilikuwa inaivuta petroli. Kwako wewe petroli inasukumwa, na anayesukuma yuko nyuma, chini ya kiti anachokalia abiria wako. Katika mafundi wote watatu hakuna aliyefunua huko.

Sasa twende taratibu. Petroli ikiwa majimaji haiwaki vizuri ndani ya injini. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa, tena kwa kipimo. Gramu 1 ya petroli inataka gramu 14.7 za hewa ili viungue vyote pasibaki kitu. Lita 1 ya petroli ina uzito wa kama gramu 740, kwa hiyo inataka karibu kilo 11 za hewa, na kwa joto letu hili la pwani hizo ni zaidi ya lita 9,000. Panga mapipa 45 ya lita 200, yote yamejaa hewa: hicho ndicho gari lako linachovuta puani kwa kila lita unayonunua. Ukienda Pongwe na kurudi umeshayamaliza na ushei. Petroli ikizidi, mchanganyiko unakuwa mzito, moshi mweusi na harufu vinatoka nyuma. Ikipungua, mchanganyiko unakuwa mwepesi, moto unakuwa hafifu, na injini inaanza kumisi na kushtuka. Shika hilo neno la kushtuka, tutalirudia. Na ujue kuwa mlimani injini haitaki hata hiyo 14.7. Inataka nzito zaidi, kwenye 12 na nusu au 13, ndipo itoe nguvu yake yote. Kwa hiyo saa ambayo petroli inahitajika kwa wingi kuliko saa zote ni ileile unayopanda Soni na abiria wanne na mizigo yao.

Mimi ufundi nilianza kwenye karakana ya shamba moja la mkonge upande wa Muheza, enzi ambazo gari la petroli maana yake Land Rover, na Land Rover maana yake kabureta ya Zenith. Nikwambie ilivyofanya kazi, maana ukiielewa hiyo, ya kwako utaielewa kwa dakika mbili. Kabureta ni bomba la hewa lililobanwa kiunoni. Pistoni ikishuka inavuta hewa, na hewa ikifika pale kiunoni inabidi ikimbie. Hewa inayokimbia presha yake hushuka. Pembeni kuna bakuli la petroli lenye boya, na boya hilo ni ndugu wa lile la tangi la maji la chooni: petroli ikipanda, boya linapanda na kusukuma sindano inayoziba tundu, ikishuka, tundu linafunguka. Juu ya bakuli kuna presha ya kawaida, pale kiunoni kuna presha ndogo, basi petroli inasukumika yenyewe kupita kwenye jeti na kunyunyizika ndani ya hewa. Ndiyo yote. Haina waya hata mmoja. Wazo la kunyunyiza petroli namna hiyo Mjerumani Wilhelm Maybach alikuwa nalo mwaka 1893, na bodaboda nyingi zinazokupita hapo Barabara ya 12 bado zinatembelea wazo hilohilo. Jenereta la dukani kwako pia.

Ubaya wa jeti ni kwamba ni tundu tu. Haijui joto, haijui baridi, haijui kupanda mlima. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya bahari, na hewa ya kule uzito wake ni pungufu kwa karibu asilimia 13 ukilinganisha na ya hapa Raskazone. Hewa imepungua lakini jeti inaendelea kumwaga karibu kama ilivyozoea. Zile Land Rover tukizipandisha kule zilikuwa zinanuka petroli na kutoa moshi kama jiko la kuni mbichi, ikabidi fundi wa kule awe na jeti zake ndogo mfukoni. Asubuhi ya baridi nako ulikuwa huwashi bila kuvuta choki, yaani kuibana hewa ili petroli izidi.

Kwa hiyo watu walitafuta njia ya kupima badala ya kukisia. Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ilitoa mfumo wa kupuliza petroli unaoongozwa na umeme, ukafungwa kwenye Volkswagen. Tangu hapo ni wazo lile likiboreshwa, na IST yako ni mjukuu wake.

Njoo basi nyuma ya gari. Nyanyua kiti, utaona kifuniko cha bati, na chini yake kichwa cha pampu kinachoingia tangini. Ndani ya kopo hilo moja wamepanga karibu kila kitu. Chini kabisa kuna chujio laini kama soksi, ndiko petroli inakoingilia. Juu yake pampu yenyewe, mota ndogo ya umeme isiyozidi chupa ya dawa ya kikohozi. Kisha filta nyingine yenye matundu madogo zaidi, kisha kidude cha kusawazisha presha, ambacho kazi yake ni kuirudisha tangini petroli inayozidi. Magari ya zamani kidogo, kama Noah ya injini ya 3S, yanacho hicho kidude mbele kwenye injini na yana bomba la pili la kurudishia petroli. La kwako lina bomba moja tu la kwenda.

Watu hushtuka wakisikia mota ya umeme imezamishwa ndani ya petroli. Moto unataka hewa kwa kipimo, nimeshakwambia, na ndani ya tangi mvuke wa petroli ni mzito mno kuwaka. Tena petroli inapita katikati ya mota, inaipoza na kuilainisha. Hapo ndipo ninapotaka tuzungumze kama ndugu. Najua teksi zinavyoendeshwa. Asubuhi ya elfu 10, mchana ya elfu 10, taa ya mafuta haijazima tangu mfungo wa Ramadhani. Wengine hungoja Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA itangaze bei mpya, tangi likiwa limebaki harufu. Pampu inayofanya kazi kwenye kisima kilichokauka inapata joto, na kila gari likikata kona petroli inakimbilia pembeni na pampu inameza hewa. Tena mchanga, kutu na kila uchafu ulioingia tangini tangu gari lilipotoka Japani uko chini kabisa, pale soksi inapolalia. Usiache tangi lishuke chini ya robo. Hiyo peke yake ingewaokoa madereva wengi wa hapa mjini pesa ya pampu.

Kutoka tangini petroli inapita chini ya gari mpaka mbele, inaingia kwenye reli, bomba fupi lililochomekwa nozeli 4, moja kwa kila silinda. Presha ndani ya reli hiyo kwa injini yako ni kati ya kilopaskali 304 na 343. Kwa lugha ya fundi tairi ni paundi 44 hadi 50, yaani tairi lako lenye upepo 30 liongeze nusu yake na zaidi. Siyo presha ya kuchezea. Kabureta ilikuwa inaridhika na paundi 3 au 5 za kujazia bakuli tu.

Nozeli ni bomba la umeme la kufungua na kufunga, basi. Halisukumi, halivuti, halifikiri. Kompyuta ikilipa umeme linafunguka, ikiukata linafunga. Gari likiwa limesimama linanguruma, nozeli hufunguka kwa sehemu 2 au 3 za elfu ya sekunde. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila nozeli inafunguka na kufunga mara 25 kwa sekunde. Nilipiga hesabu siku moja nikiwa sina kazi: gari kama lako likienda kilomita 60 kwa saa na kula lita 1 kwa kilomita 15, nozeli inatoa kila mara kama thuluthi ya tone. Thuluthi ya tone, mara maelfu kwa dakika, na ikikosea kidogo tu wewe unasikia kwenye usukani.

Anayeamua iwe thuluthi au nusu ni kompyuta. Inasoma sensa ya hewa iliyoko mlangoni mwa filta ya hewa, yenye waya wa moto unaopozwa na upepo unaopita; kadiri unavyopozwa ndivyo kompyuta inavyojua hewa ni kiasi gani. Lushoto hewa ikipungua, sensa inaona, petroli inapunguzwa, hakuna wa kubadilisha jeti. Inasoma joto la maji ya rejeta, ndiyo choki yako hiyo. Inasoma kipepeo kimefunguka kiasi gani. Kisha kwenye ekzosi kuna sensa ya oksijeni, mpishi anayeonja mchuzi: hewa imebaki nyingi? ongeza petroli. Haikubaki? punguza. Sensa hiyo isingedumu kwenye petroli ya zamani yenye madini ya risasi, ambayo nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzo wa 2006.

Sasa sikiliza vizuri, maana jibu lako liko hapa. Katika sensa zote hizo, hakuna hata moja inayopima presha ya petroli kwenye reli. Kompyuta ya IST inaamini tu kwamba presha ipo. Inahesabu: nozeli ikifunguka muda huu, itatoka petroli kiasi hiki. Pampu ikichoka au soksi ikiziba, presha ikashuka kutoka bar 3 (kama paundi 44) hadi bar 2 (kama paundi 29), nozeli ikifunguka muda uleule inatoa kama asilimia 82 tu ya ilichopaswa kutoa. Mjini hutajua. Sensa ya oksijeni inaonja, inalalamika, kompyuta inarefusha muda, maisha yanaendelea. Lakini ukiukanyaga mguu mpaka chini mlimani, mambo mawili yanatokea pamoja. Nozeli zinataka petroli nyingi kwa mkupuo na pampu haina ya kutoa, presha inazidi kuporomoka. Na kompyuta, kwa kuwa umekanyaga mpaka mwisho, inaacha kumsikiliza yule mpishi na kufuata hesabu yake ya kichwani, hesabu iliyojengwa juu ya presha ambayo haipo. Mchanganyiko unakuwa mwepesi. Gari linashtuka. Ukipunguza mguu linatulia, ukikanyaga linalegea. Si ndivyo ulivyoandika?

Plagi mbovu nayo hushtua mlimani, kwa hiyo fundi wa kwanza simlaumu. Plagi ni bei ndogo, na angalau zilihitaji kubadilishwa. Nozeli 4 kwa mpigo ndizo zilizoniuma. Nozeli huziba mara chache kuliko zinavyosingiziwa, na zikiziba mara nyingi ni moja au mbili, basi ungesikia gari likimisi hata likiwa limesimama. Tena za mtumba hujui zimetoka injini gani; za 1500 si lazima zifanane na za 1300 kwa kiasi zinachotoa, hata kama zinaingia tundu lilelile bila kulalamika.

Kuhusu ile stata ndefu ya asubuhi: ndani ya pampu kuna vali ndogo ya kuzuia petroli isirudi tangini ukizima gari. Ikiwa nzima, dakika 5 baada ya kuzima presha haipaswi kuwa imeshuka chini ya paundi 21, na hata asubuhi bomba linakuwa bado limejaa petroli. Ikivuja, asubuhi pampu inaanza kazi upya. Na Toyota nyingi za umri wa lako pampu haianzi kuvuma ukifungua swichi tu kama yalivyo magari mengine. Inangoja mpaka stata izungushe injini. Kwa hiyo usikubali mtu akwambie pampu imekufa kwa sababu amefungua swichi hakusikia kitu. Mwenzio apige stata, wewe weka sikio kwenye mdomo wa tangi. Ikivuma sawasawa, sawa. Ikilia kama mbu aliyeshikwa bawa, inaomba kustaafu. Nozeli inayochuruzika nayo huleta ugonjwa huo wa asubuhi, lakini yenyewe hulowesha plagi, na gari likiwaka linanuka petroli. Wewe tatizo hilo ulikuwa nalo kabla hujanunua hizo za mtumba, kwa hiyo zenyewe zina kesi nyingine, si hii.

Kwa maana hiyo, dalili zako mbili zinaelekeza nyumba moja, chini ya kiti cha nyuma. Ningekuwa mtu wa kuweka dau, ningeweka kwanza kwenye soksi na filta, kisha pampu. Lakini simo katika kuweka dau kwa pesa yako. Pima.

Kipimo chenyewe ni geji ya presha ya petroli. Reli ya IST haina tundu la kuchomekea geji, kwa hiyo inaunganishwa pale bomba linapoingilia reli, na fundi mwenye kiungio chake hachukui hata nusu saa. Kabla ya kufungua bomba atoe presha: achomoe soketi ya pampu, awashe gari lijizimie lenyewe, apige stata mara moja tena, kisha atoe waya wa betri. Anayefungua kavukavu atapulizwa petroli usoni, na injini iko moto. Mimi iliwahi kunipata, nikashinda nakosha macho kwa maji ya bomba huku vijana wangu wakijifanya hawajaona.

Geji ikisoma chini ya 44, tumekamata. Ikisoma 46 gari likiwa limesimama, usishangilie bado, maana kunguruma si kupanda mlima. Hapo ndipo mashine ya kusomea kompyuta inapofaa, siyo kwa kusoma kodi, yaani namba ya kosa, na kukimbilia dukani, bali kwa kutazama namba zinavyobadilika gari likitembea. Nakisia kodi iliyowasha taa yako ni P0171, ama ndugu yake, yaani mchanganyiko mwepesi. Mafundi wengi wakiiona hiyo hubadilisha sensa ya oksijeni. Masikini mpishi: kasema mchuzi hauna chumvi, wamemfukuza yeye kazi. Atazame masahihisho ambayo kompyuta inafanya kwenye petroli. Yakiwa makubwa gari likiwa limesimama, kisha yakapungua ukiongeza moto, kuna hewa ya wizi inaingia kupitia bomba au gasketi iliyopasuka. Yakiwa madogo limesimama, kisha yakapanda kadiri injini inavyobebeshwa mzigo, petroli haitoshi. Hili ni tofauti ya mchana na usiku, na halina gharama zaidi ya kuwa na mtu wa pili ndani ya gari wa kusoma, maana dereva macho yake ni ya barabara, na barabara ya Soni haina msamaha. Ila vidude vidogo vya Bluetooth vinavyouzwa mitaani si vyote vinavyoongea na magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani. Kikikataa, usidhani kompyuta imekufa.

Kabla ya kuinunua pampu, umeme wake upimwe. Hapa nina aibu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma aliniletea gari mchuuzi wa samaki wa Deep Sea, dalili zake kama zako. Presha nikaipima, iko chini. Nikamuuzia pampu mpya. Wiki ya pili akarudi, ugonjwa uleule. Nilipoweka mita kwenye soketi ya pampu nikakuta volti 9 na kidogo, wakati kwenye betri ziko karibu 14 injini ikinguruma. Waya wa ethi pale nyuma, uliofungwa kwenye bodi, ulikuwa umeliwa na kutu mpaka umebaki nyuzi mbili tatu. Maji ya chumvi ya matenga ya samaki yalikuwa yakidondokea hapo kila siku. Nilikwangua, nikafunga upya, volti zikarudi, na ile pampu yake ya zamani, ambayo bahati nzuri sikuitupa, nikairudisha ikafanya kazi miaka. Pesa yake nilimrudishia, lakini alivyonitazama sijasahau. Sisi tunaoishi na upepo wa bahari tuanze na ethi kila mara.

Ikithibitika ni pampu, usinunue ile ya bei ya mchicha. Ziko nyingi sokoni, boksi zuri, maandishi yamekaa vizuri, na zenyewe ni waja leo waondoka leo. Bora iliyotumika kutoka gari la Japani lenye historia kuliko mpya isiyo na baba. Na usiijaribu pampu mezani ikiwa kavu, hata kwa sekunde chache. Inajisaga, na cheche yake sasa iko nje kwenye hewa.

Petroli mbaya je? Inawezekana, ila sioni kwako. Kuna kipindi watu walikuwa wakiichakachua kwa mafuta ya taa, mpaka mwaka 2010 EWURA ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yatambulike. Petroli iliyochanganywa hivyo hugonga injini na kuwaka kwa shida, lakini ingekusumbua mjini pia, na ingeisha ukijaza sheli nyingine. Maji ni rahisi kuyagundua: chukua kidogo kwenye chupa nyeupe ya kioo, iache ikae. Maji ni mazito kuliko petroli, yatashuka chini na utaona mstari.

Umetaja pia kwamba unafikiria kuuza IST uchukue Noah mpya kidogo. Angalia injini kwanza. Noah zilizotoka baada ya 2001 nyingi zina injini ya D-4, na hapo nozeli haipulizi mlangoni mwa silinda tena, inapuliza ndani ya silinda yenyewe. Mitsubishi ndio walioanza kuyauza kwa wingi magari ya kawaida ya namna hiyo, mwaka 1996. Yanakula kidogo yakiwa mazima. Lakini yana pampu mbili, ile ya tangini na nyingine ya presha kubwa inayozungushwa na injini, na presha inaanzia bar 50 na kuvuka 100. Vali za kuingizia hewa, kwa kuwa hazioshwi na petroli tena, hujaa masizi. Kwa teksi ya kujaza elfu 10 kumi, mimi nisingekushauri.

Nozeli zako za mwanzo, kama hujazitupa, ziulizie kwa fundi wa pili azirudishe. Zisafishwe kwa mashine, ziwekewe oringi mpya, zirudi mahali pake. Geji ninayo, na kiungio cha IST ninacho. Siku utakayoamua tupime, liegeshe gari jioni, lilale usiku kucha, na asubuhi usiliguse stata mpaka nifike.